Chawa wa salmoni nchini Norwe: tiba iliyogeuka mzigo kwa samaki

Mwaka 2023, salmoni milioni 62.8 walikufa katika vizimba vya baharini nchini Norwe kabla ya kufikia wakati wa kuvunwa. Taasisi ya Mifugo ya nchi hiyo, ambayo kila mwaka hutoa ripoti ya afya ya samaki wa kufugwa, ilikadiria kiwango cha vifo kuwa asilimia 16.7, kiwango kikubwa kuliko vyote ilivyowahi kuvitangaza. Mwaka uliofuata vifo vilipungua kidogo, vikawa milioni 57.8, sawa na asilimia 15.4. Virusi vya moyo, bakteria wa vidonda na maradhi ya matamvua vina sehemu yake katika hesabu hiyo. Hata hivyo, jambo linalojirudia katika ripoti hizo ni kwamba wataalamu wa afya ya samaki, kila wanapoulizwa, huyataja majeraha yatokanayo na kazi ya kuondoa chawa, kimelea cha ngozi ya samaki, miongoni mwa sababu kuu za vifo na mateso ya salmoni walio baharini. Sehemu ya samaki hao, basi, waliuawa na matibabu waliyopewa.

Kisa hiki kinamhusu yeyote anayefuga samaki, hata kama hajawahi kumwona salmoni akiwa hai, kwa kuwa kilitokea mahali ambapo mtaji upo, madaktari wa samaki wapo, sheria ipo na inasimamiwa. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Norwe ya mwaka 2009 inawataja samaki pamoja na wanyama wengine, na inasema kwamba mnyama ana thamani yake mwenyewe bila kujali faida anayompa binadamu. Ikiwa katika mazingira kama hayo tiba ya kimelea imefikia hatua ya kumdhuru mgonjwa kuliko kimelea chenyewe, ni lazima tuulize ni uamuzi upi, uliofuatana na upi, ulioleta hali hiyo.

Kimelea chenyewe

Chawa wa salmoni, ambaye jina lake la kisayansi ni Lepeophtheirus salmonis, si mdudu kama chawa wa nywele; ni krasteshia, wa ukoo mmoja na kaa na kamba. Mayai yake huanguliwa majini, na kwa siku kadhaa lava, yaani chawa mchanga, huelea na mkondo akiishi kwa akiba aliyotoka nayo kwenye yai. Akikutana na salmoni kabla ya akiba hiyo kwisha, hujibandika kwenye ngozi na kukua akiwa amefungwa mahali pamoja kwa uzi mwembamba. Baadaye hujifungua na kuanza kutembea juu ya mwili wa samaki. Jike aliyekomaa hufikia urefu wa takriban sentimita moja na huburuta nyuma yake nyuzi mbili za mayai za rangi ya kahawia, kila uzi ukiwa na mayai mamia. Katika maji ya nyuzi 10 za Sentigredi, safari yote kutoka yai hadi ukomavu huchukua takriban siku 40 kwa dume na 50 kwa jike, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo safari hiyo inavyofupika.

Chawa hula ute, ngozi na damu. Madhara yake makubwa hayatokani na kiasi cha damu anachonyonya bali na tundu analoliacha, kwa kuwa maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko mwili wa samaki na ngozi yenye ute ndiyo inayozuia maji ya mwili yasivutwe nje. Ngozi ikichubuka, samaki hupoteza maji, chumvi hupanda katika damu, na bakteria hupata mlango. Kwa salmoni wa kilo 4 chawa wawili watatu si jambo kubwa. Kwa salmoni mchanga wa porini, aliyetoka mtoni majira ya kuchipua akiwa na uzito wa gramu 20 tu, hesabu ni nyingine kabisa: makadirio yanayotumiwa na wanasayansi wa Norwe huchukulia kwamba chawa zaidi ya 0.3 kwa kila gramu ya mwili humuua, yaani chawa sita au saba wanatosha. Tofauti hii kati ya samaki mkubwa wa kizimbani na samaki mchanga wa porini ndiyo kiini cha kisa chote.

Dawa zilizokwisha nguvu

Mfugaji wa ng'ombe wa Afrika Mashariki anayejua historia ya josho atakuta njia iliyopitiwa Norwe si ngeni kwake. Miaka ya 1970 wafugaji wa salmoni walianza na dawa za kundi la oganofosfeti, zilezile za ukoo uliotumika kuua kupe. Miaka ya 1990 zikaja pairethroidi, kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Kisha ikaja emamektini, ndugu wa aivamektini, iliyopewa samaki ndani ya chakula kwa siku saba mfululizo, na ambayo kwa muda ilionekana kumaliza tatizo, kwani samaki hakuguswa, hakutolewa majini, na chawa wa hatua zote walikufa. Haidrojeni peroksaidi ilitumika pia kama dawa ya kuogeshea, pamoja na dawa za chakula zinazozuia chawa kujenga gamba jipya anapojivua la zamani.

Usugu ulikuja kama ulivyokuja kwa kupe. Dawa moja ilitumiwa kwa ukanda mzima wa pwani, katika vizimba vilivyojaa samaki wa rika moja, dhidi ya kimelea kinachozaa maelfu. Kwa azamethifosi, ambayo ni oganofosfeti, wanasayansi walilikuta badiliko dogo katika kimeng'enya kimoja cha neva za chawa, linalotosha kuifanya dawa isishike. Kwa pairethroidi, usugu hurithiwa kwa upande wa mama, kwa hiyo jike mmoja sugu aliyenusurika huwarithisha usugu watoto wake wote kwa mkupuo. Kiasi cha dawa kilipanda hadi kikafika kilele karibu na mwaka 2014 na 2015, huku ufanisi ukishuka na malalamiko yakiongezeka kuhusu kamba na krasteshia wengine walio jirani na vizimba, ambao dawa hizi haziwezi kuwatofautisha na chawa.

Kikomo cha nusu chawa

Huku dawa zikiishiwa nguvu, sheria haikulegea. Kikomo cha kawaida ni wastani wa majike wakomavu 0.5 kwa kila samaki, na katika wiki za majira ya kuchipua ambapo salmoni wachanga wa porini hutoka mitoni kuelekea bahari kuu, kikomo hushuka hadi 0.2. Hesabu hufanywa kizimba kwa kizimba, kila wiki maji yakiwa na joto la kutosha. Samaki kadhaa huchotwa na kutiwa katika beseni lenye dawa ya usingizi, kisha mhudumu aliyevaa glavu huwageuza mmoja mmoja chini ya taa, akipapasa kwa macho sehemu ya nyuma ya kichwa, kando ya mapezi na chini ya mkia. Akimaliza huinamisha beseni na kuchungulia chini yake, kwa kuwa chawa wanaotembea huachia samaki anapolala, na chawa aliyebaki chini ya beseni naye huhesabiwa.

Ni rahisi kudhani kwamba kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya afya ya salmoni wa kizimbani. Sivyo. Nusu chawa kwa samaki wa kilo kadhaa ni karibu na hakuna kitu. Lakini shamba lenye vizimba vinane, kila kimoja na samaki 150,000, likiwa kwenye kikomo kamili lina majike wakomavu 600,000 wanaomwaga lava katika ghuba moja. Sheria inawalinda samaki wa porini, nao wanahitaji ulinzi huo: mwaka 2021 salmoni wa porini aliingizwa katika orodha nyekundu ya Norwe kama spishi iliyo karibu na kutishiwa. Tangu 2017 pwani imegawanywa katika maeneo 13 na kupakwa rangi za taa za barabarani. Eneo ambalo chawa wanakadiriwa kuua zaidi ya asilimia 30 ya salmoni wachanga wa porini hupata rangi nyekundu, na uzalishaji wake unaweza kupunguzwa kwa asilimia 6. Mwaka 2020 adhabu hiyo ilitekelezwa kwa mara ya kwanza.

Lengo ni jema, nami sioni sababu ya kulibeza. Ila mfumo ulipima kitu kimoja tu, yaani idadi ya chawa, na kuacha bila kipimo chochote chenye uzito sawa kile anachokipata samaki chawa huyo anapoondolewa. Mfugaji aliyevuka kikomo alikuwa na siku chache za kuchukua hatua, dawa zake hazifanyi kazi, na uzalishaji wa eneo zima ukiwa mashakani. Hapo ndipo mashine zilipoingia.

Maji moto

Njia iliyoenea kuliko zote ni ya maji moto. Kwanza samaki hunyimwa chakula kwa siku kadhaa ili utumbo uwe mtupu na mahitaji yake ya oksijeni yapungue. Kisha wavu huinuliwa polepole hadi samaki wabanane karibu na uso wa maji, na pampu huwavuta kwa bomba hadi ndani ya meli. Humo huchujwa maji ya baharini na kuingizwa katika maji yenye joto la nyuzi 28 hadi 34 kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha hurudishwa baharini, huku chawa walioachia wakinaswa kwenye chujio. Chawa ni mdogo, mwili wake hupata joto upesi, naye huishiwa nguvu ya kushika. Samaki ni mkubwa, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba joto halimfikii ndani kabla hajatolewa.

Dhana hiyo ilisahau sehemu za samaki ambazo ni nyembamba kama chawa: matamvua, macho, tundu za pua. Ilisahau pia kwamba salmoni aliyekuwa katika bahari ya nyuzi 8 anaruka nyuzi 20 au zaidi kwa sekunde moja. Mwaka 2019 watafiti wa Norwe walichapisha matokeo ya kuwatumbukiza salmoni katika maji ya joto mbalimbali. Kuanzia nyuzi 28 samaki walionyesha papo hapo dalili za maumivu: waliogelea kwa kasi isiyo ya kawaida, wakagonga kuta za tangi, wakatikisa vichwa na kupasua uso wa maji. Jaribio lingine la mwaka huohuo, lililotumia joto la nyuzi 34 hadi 38 na muda mrefu zaidi ya ule wa mashine za kibiashara, lilikuta majeraha katika matamvua, macho, ubongo na pua. Uchambuzi wa tatu uliolinganisha takwimu za vifo vya mashamba kwa miaka ya 2012 hadi 2017 ulionyesha kwamba maji moto ndiyo yaliyofuatiwa mara nyingi zaidi na ongezeko la vifo, yakifuatwa na njia za brashi na za kurushia maji kwa shinikizo, kisha haidrojeni peroksaidi. Dawa za zamani za kuogeshea zilikuwa nyuma ya zote hizo. Nchini Uskoti, katika kisiwa cha Skye, salmoni zaidi ya 95,000 walikufa mwaka 2016 baada ya kupitishwa kwenye mashine ya aina hii.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Norwe ilitangaza mwaka 2019 kwamba maji ya zaidi ya nyuzi 28 yangepaswa kuachwa ndani ya miaka miwili iwapo usingepatikana ushahidi kwamba samaki wanaweza kuyastahimili bila kuumizwa. Miaka miwili ilipita, na maji moto yaliendelea kuwa miongoni mwa njia zinazotumika sana.

Kwa nini samaki mmoja hufa na mwingine hupona

Kosa kubwa la kitaalamu katika kisa hiki, kwa maoni yangu, ni kuichukulia kila safari ya mashine kama tukio linalojitegemea. Maji moto huwaondoa chawa wanaotembea, lakini wale wachanga waliojifunga kwa uzi wengi wao hubaki. Baada ya wiki chache wamekomaa, kikomo kimevukwa tena, na samaki yuleyule ananyimwa chakula tena, anabanwa tena, anapitishwa bombani tena. Salmoni mmoja anaweza kupitia mzunguko huo mara kadhaa kabla ya kuvunwa.

Kila mzunguko humgharimu ute na magamba. Katika maji ya baridi kidonda hujifunga polepole sana, na ndiyo hali anayoipenda bakteria Moritella viscosa, anayesababisha vidonda vya majira ya baridi: doa la magamba yaliyopotea ubavuni leo huwa shimo jekundu lenye ukingo mweupe baada ya majuma machache. Samaki mwenye kidonda cha namna hiyo akipelekwa tena mashineni, kilichobaki cha ngozi yake hakiwezi kuzuia maji ya mwili yasitoke.

Halafu kuna moyo. Salmoni wakubwa, hasa waliokaribia kuvunwa, huugua ugonjwa wa misuli ya moyo unaosababishwa na virusi. Ukuta wa chumba cha juu cha moyo hukonda hadi ukaweza kupasuka. Kwa nje samaki huyo amenenepa, anang'aa, anakula vizuri. Akibanwa na wavu, mapigo ya moyo hupanda, ukuta hupasuka, na damu hujaa katika mfuko unaouzunguka moyo. Samaki wa kilo 5 aliyelishwa kwa zaidi ya mwaka mzima hufa ndani ya dakika chache, mikononi mwa watu waliokuja kumtibu chawa ambao hawakuwa wakimsumbua. Vivyo hivyo kwa mwenye maradhi ya matamvua, kwa mfano yale yanayoletwa na amiba wa baharini. Sehemu ya matamvua yake imeshavimba na kufunikwa na ute mzito, naye huishi kwa sababu tu hajalazimika kukimbia. Msongamano wa wavu humdai oksijeni ambayo hana njia ya kuipata.

Ndiyo sababu vifo baada ya matibabu hutofautiana sana hata pale ambapo mashine, joto na muda ni vilevile. Kinachoamua ni hali ya samaki kabla hajaingia. Uchunguzi wa moyo na matamvua kwa kundi dogo la samaki kabla ya kazi ungeokoa wengi, na wataalamu wengi hufanya hivyo. Lakini daktari anayesema kizimba hiki kisiguswe wiki hii anajikuta upande mmoja na kikomo cha 0.2 kikiwa upande wa pili, na kikomo kina nguvu ya sheria.

Samaki wasafishaji

Yafaa kuwataja pia samaki wengine waliotiwa katika kisa hiki bila kuwa na kosa. Makumi ya mamilioni ya samaki wadogo wanaokula chawa, wengine wakinaswa porini na wengine wakizalishwa kwa kazi hiyo, waliwekwa vizimbani kila mwaka. Wengi wao hufa humo, kwa magonjwa, kwa njaa, au kwa mashine zilezile za maji moto wanapopitishwa pamoja na salmoni. Njia iliyosifiwa kuwa ya asili ilihamishia mzigo kwa mnyama mwingine.

Kinachobadilika

Hatua zenye matumaini ni zile zinazomzuia chawa asimfikie salmoni tangu mwanzo. Lava wa chawa hukaa zaidi katika mita chache za juu za maji, kwa hiyo kizimba kikizungushiwa turubai lisilopitisha maji sehemu ya juu, au samaki wakishushwa chini zaidi, maambukizi hupungua. Kushusha kizimba kuna ugumu wake: salmoni hujaza kibofu chake cha hewa kwa kumeza hewa juu ya maji, na akizuiwa kwa muda mrefu hulazimika kuogelea bila kupumzika ili asizame, hadi wabunifu walipoanza kumtengenezea kuba lenye hewa chini ya maji. Wengine hukuza vifaranga nchi kavu hadi wawe wakubwa zaidi, ili muda wao baharini uwe mfupi. Wapo pia wanaotumia kamera na miale ya leza inayomlenga chawa mmoja mmoja samaki akiwa anaogelea, bila kumgusa.

Hatua hizi zina gharama zake, na turubai linaloweza kupunguza oksijeni linaweza kuzidisha maradhi ya matamvua. Hata hivyo zinakubali ukweli ambao miaka ya maji moto iliukwepa, kwamba uwezo wa samaki kuvumilia kushikwashikwa una mwisho.

Kwa vizimba vya sato

Vizimba vya sato katika Ziwa Victoria havina chawa wa salmoni, lakini vina vimelea vyake: minyoo wadogo wa matamvua, trikodina (kiumbe cha seli moja), na chawa wa maji baridi wa jenasi Argulus, anayeonekana kwa macho kama kidoa bapa kinachoteleza juu ya gamba. Wafugaji wa mabwawa na vizimba hutumia chumvi, formalini na potasiamu pamanganeti, na mara nyingi dawa hutiwa kwa sababu kimelea kimeonekana, bila mtu kufunua shavu la samaki na kutazama matamvua yako katika hali gani. Formalini hupunguza oksijeni majini, takriban miligramu moja kwa lita kwa kila miligramu tano za dawa, na katika maji ya joto, ambayo kwa asili hushika oksijeni kidogo, punguzo hilo humkuta samaki aliyekwisha kuhema. Pamanganeti ikizidi huunguza matamvua yaleyale yaliyokusudiwa kuponywa.

Kabla ya kutibu kizimba kizima, samaki kumi watiwe kwenye beseni kwa kipimo na muda uliokusudiwa, kisha waangaliwe kwa saa 24, kwa kuwa madhara ya matamvua mara nyingi hujitokeza kesho yake. Wakihema juu ya maji au wakifa, dawa isiingizwe kizimbani. Wapunguzwe idadi, chakula kisimamishwe, wavu usafishwe ili maji yapite, na tiba isubiri hadi matamvua yaweze kuistahimili.